Saruji Haipakwi Poda

Wasee, leo naongea na wenye nyumba, mafundi na sisi wapangaji kwa pamoja, na sitarajii kupendwa na upande wowote. Habari yenyewe ni zege. Ile slabu ya mbele ya mlango, veranda, ngazi, njia ya kwenda choo, mahali pa kuanika nguo, kifuniko cha tangi la majitaka. Vitu ambavyo hakuna mtu huvipiga picha akihamia nyumba, lakini ndivyo unavyokanyaga kila siku ukiwa umebeba mtoto mgongoni na ndoo mkononi.

Kila aliyepita shule hapa Kenya alifunzwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya kweli, sina vita nayo. Vita yangu ni na vile tumeichukua. Methali imesema ziba. Haikusema paka. Na haikusema uzibe hata kabla hujajua ufa umetoka wapi. Sisi tumeifanya kuwa ruhusa ya kufunika, kisha tunashangaa ukuta tunaujenga kila mwaka.

Msimamo wangu ni huu: "nirekebishe ama nibomoe niweke mpya?" si swali la kwanza. Swali la kwanza ni "nini kililivunja?" Usipolijibu hilo, ukirekebisha umetupa pesa, na ukiweka mpya umetupa pesa nyingi zaidi. Ukilijibu, mara nyingi utakuta kwamba si lazima kubomoa yote. Utakuta pia kwamba ile plasta ya haraka haraka ilikuwa mchezo.

Tuanze na poda

Unajua poda ya Desemba? Kwenye ploti nyingi za Nairobi ninazozijua, mambo huwa hivi. Wapangaji wakienda ushago kufunga mwaka, anakuja fundi mmoja na karai, mwiko, nusu mfuko wa simiti na mchanga kidogo. Anapita kwenye korido na veranda akipaka juu ya kila ufa. Hafagii vizuri, haparuzi, halowanishi. Anamaliza kwa niru ili pang'ae. Januari mkirudi, mnaambiwa nyumba imefanyiwa ukarabati, na wengine wanapandishiwa kodi juu ya hilo. Aprili masika yakiingia, poda inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na ufa uko palepale ulipokuwa.

Si bahati mbaya. Saruji mpya haishiki juu ya vumbi, mafuta ya kupikia yaliyomwagika, wala niru laini ya zamani. Inataka uso ulioparuzwa hadi mawe yaonekane, ukasafishwa, ukalowanishwa. Halafu kuna jambo ambalo hata watu wa mjengo wengine hulisahau: saruji haikauki kama tope. Inakuwa ngumu kwa sababu inakunywa maji na kubadilika, na safari hiyo ni ndefu. Wahandisi hupima nguvu ya zege likiwa na siku 28. Sasa wewe umepaka kitu chembamba cha sentimita 1 saa sita mchana, jua linakinyang'anya maji hata hakijaanza kazi, na hakuna anayekimwagilia kwa sababu fundi ameshalipwa akaenda. Kitakuwa kigumu vipi? Na huko chini ufa wa zamani bado unacheza. Ukisogea kidogo tu, unapasua ngozi mpya kwa mstari uleule.

Mtu ataniambia, "Si basi ni uchafu tu, kwani inauma nani?" Inauma watu. Acha nikuambie inauma aje.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wawili, alihama hapa tunapokaa. Siku ya kurudishiwa dipoziti akaambiwa atakatwa, sababu sakafu ya veranda imepasuka.

"Mzee, huu ufa nilikuja nikaupata hapa," akamwambia mwenye nyumba, kwa heshima zote.

"Mama, ulipoingia ulikuwa umezibwa. Ni wewe umeufungua."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi halisi ya poda. Poda inafuta historia. Kila Desemba ufa unazaliwa upya, na lawama inahamia kwa yule aliyekuwa anaishi hapo ulipofunguka. Ufa una miaka 8, lakini kwa karatasi una miezi 4, na anayeulipia ni mama aliyekuwa anaosha nguo juu yake. Kwa hivyo usiniambie ni urembo tu. Ni pesa ya mtu ya kuanzia maisha mahali pengine.

Halafu kuna mguu wa binadamu. Tofauti ya sentimita 1 kati ya upande mmoja wa ufa na mwingine inatosha kumwangusha shosho usiku stima ikipotea. Kona ya ngazi iliyobandikwa plasta inashikilia vizuri hadi siku ambayo mtu mzima ameikanyaga na mzigo. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ngazi nayo huwa hivyo hivyo, ila anayeumbuliwa si yule aliyeificha.

Sasa tuwageukie mafundi

Upande wa pili kuna fundi wa "bomoa yote". Huyu ukimwita kuangalia ufa mmoja, hata hajainama kuugusa, ameshasema, "Boss, hii imeisha. Tung'oe yote tuweke mpya, ama tuweke kabro kabisa." Simlaumu kutafuta riziki, na kuna mafundi waaminifu ambao wangeweza kunifunza mengi kuliko haya. Lakini tusidanganyane: anayelipwa kwa siku, na ambaye pengine anatolewa kitu kidogo kwenye hadiwea kwa kila mteja anayempeleka, si mtu wa kumwachia uamuzi wa ukubwa wa kazi.

Piga hesabu na mimi. Chukua veranda ya mita 5 kwa mita 4, slabu ya sentimita 10. Hiyo ni mita 2 za ujazo za zege, na uzito wake ni karibu tani 5. Tani 5 za kuvunjwa kwa nyundo, kubebwa kwa wilbaro na kulipiwa lori. Zitaenda wapi? Mara nyingi zinamwagwa kando ya mto ama kwenye kiwanja cha mtu, halafu mvua ikija tunalia mafuriko. Kurudishia zege hilo kwa mchanganyiko wa kawaida wa 1:2:4 utahitaji karibu mifuko 13 ya saruji ya kilo 50, hujahesabu mchanga, kokoto, wavu wa chuma wala vibarua.

Sasa tuseme ukweli ni kwamba ukanda ulioharibika ni nusu mita tu kwa upana, kando ya mahali maji ya paa huangukia. Ukiukata ukanda huo wote wa mita 4 na kuujaza upya, unahitaji mfuko 1 na kidogo. Mfuko 1 na kidogo dhidi ya 13! Na zile mita nyingine za slabu zilikuwa nzima, ziliumizwa kwa jina tu.

Kuna jambo lingine ambalo fundi wa "bomoa yote" hakuambii. Kilichovunja slabu ya kwanza bado kiko hapo chini kikingoja ya pili. Kabro nayo si uchawi. Matofali yale hukaa juu ya mchanga, mchanga hukaa juu ya udongo, na udongo ukizama yanazama nao. Tofauti yake na slabu ni kwamba kabro unaweza kuing'oa, ukatengeneza chini, ukairudisha. Hiyo ni sifa kweli, lakini haiondoi kazi ya chini.

Basi nini huvunja zege?

Washukiwa wakuu ni wachache, na unaweza kuwachunguza mwenyewe bila mashine.

Wa kwanza ni maji. Paa halina mfereji, ama mfereji una tundu, maji yote ya paa yanapiga sehemu moja ukingoni mwa veranda mwaka baada ya mwaka. Yanachimba chini, udongo unaondoka, slabu inabaki inaning'inia kama ulimi. Siku moja inavunjika. Wengine maji yao hayatoki juu, yanatoka kwa bomba linalovuja chini ama bafu lisilo na njia nzuri. Slabu ya nje inafaa kuteremka ikitoka nyumbani, karibu sentimita 2 kwa kila mita 1. Mwaga ndoo ya maji uangalie yanaenda wapi. Yakirudi kwa mlango wako, umepata mshukiwa.

Wa pili ni udongo. Watu wa Kitengela, Athi River na Syokimau mnanielewa. Ule udongo mweusi unaoshika kiatu wakati wa mvua na kupasuka mianya ya kumeza kidole wakati wa kiangazi. Unavimba ukilowa, unanywea ukikauka, na slabu iliyo juu yake inainuliwa na kushushwa kila msimu. Dawa yake ni kuuchimba na kuutoa, kisha kujaza mawe na maramu na kushindilia vizuri, tabaka kwa tabaka. Aliyemwaga zege moja kwa moja juu ya udongo mweusi aliweka bomu la saa. Ukivunja ukaweka slabu mpya bila kugusa udongo huo, umeanzisha tu saa upya.

Wa tatu ni uzito. Slabu ya kutembelea watu si barabara. Boza la maji la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji peke yake, hujaweka lori lenyewe. Likiingia juu ya slabu ya sentimita 10 iliyowekewa watu na pikipiki, usilaumu saruji. Baada ya ukame na shida za maji tunazozijua, boza huingia mitaani kila wiki. Kama linapitia uani kwako, njia yake inahitaji kujengwa kama njia ya gari.

Wa nne ni kutu. Huyu ni hatari zaidi kwa sababu anafanya kazi ndani. Chuma kikipata unyevu na hewa kinaota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili kuliko chuma kilichokuwa hapo. Hakuna nafasi hiyo ndani ya zege, kwa hivyo linasukumwa na kupasuka kutoka ndani kwenda nje. Dalili ni mistari ya rangi ya kahawia ikifuata chuma, na vipande vinavyodondoka. Kule Pwani, kuanzia Kwale, Mombasa, Kilifi hadi Lamu, chumvi ya bahari huharakisha mambo, na mtu akikorogea zege mchanga wa ufuoni ama maji ya chumvi amekaribisha kutu siku ya kwanza kabisa.

Wa tano ni kazi mbaya tangu mwanzo. Zege lilikorogwa maji mengi ili liwe rahisi kusambaza, halikumwagiliwa, slabu kubwa ilimwagwa kipande kimoja bila kuachiwa mistari ya kupumulia. Slabu ya sentimita 10 inafaa kukatwa mstari kila mita 2 na nusu hadi 3. Usipoikatia mstari, itajikatia yenyewe, na haitafuata rula.

Vipimo vinne vya bure

Chukua kadi ya benki. Unene wake haufiki milimita 1. Kama haiingii kwenye ufa na mistari imetapakaa kama utando wa buibui, huo kwa kawaida ni ufa wa ngozi, zege lilinyweshwa vibaya likiwa changa. Usilale macho. Kama kadi inaingia, endelea na vipimo.

Chukua penseli. Weka alama pale ufa unapoishia pande zote mbili, andika tarehe na upana wake ukutani ama kwenye daftari, piga na picha. Rudi baada ya mvua, na urudi tena baada ya kiangazi. Ufa uliolala unatibiwa tofauti na ufa unaotembea. Hiki ndicho kipimo ambacho wote wanakikimbia, kwa sababu kinahitaji subira, na pia kwa sababu kinaacha ushahidi.

Chukua nyundo ndogo. Gonga slabu polepole ukisikiliza. Zege zima linalia kavu na kali. Mahali panapolia kama debe tupu, ama ngozi ya juu imeachana na ya chini, ama udongo umeondoka chini yake. Chora duara kwa chaki kila mahali panapolia hivyo. Ukimaliza, utaona kwa macho kama una kidonda kimoja ama mwili mzima.

Mwisho, chimba tundu dogo ukingoni uone unene wa slabu na kilicho chini yake. Wengi mnaamini mko juu ya inchi 4. Pima. Ukikuta inchi 2 juu ya udongo mtupu, hapo hakuna cha kurekebisha. Hukuwa na slabu, ulikuwa na biskuti.

Kurekebisha ama kuweka mpya: uamuzi

Sasa ndiyo swali la kwanza la watu linakuja mahali pake.

Rekebisha kama pande mbili za ufa ziko sawa kwa urefu, ufa umelala, unene unatosha, chini pamejaa, na sehemu inayolia debe ni ndogo. Lakini rekebisha kama mtu mzima. Kata hadi ufikie zege zima, kingo ziwe wima, si za kupunguka hadi kuwa nyembamba kama karatasi. Ondoa vumbi lote. Lowanisha. Pakaza uji wa saruji, kisha jaza zege lenye kokoto ndogo likiwa bado halijakauka hapo chini. Funika kwa magunia na uyamwagilie kwa siku 7. Kama ufa unafunguka na kufungika kwa misimu, usiujaze saruji, utapasuka kando yake tu. Mwambie mtu wa hadiwea akupe kijazio kinachonyumbulika, kazi yake iwe kuzuia maji yasiingie, huku ukitafuta dawa ya udongo.

Weka mpya kama upande mmoja umezama ama umeinuka, kama udongo wa chini umehama, kama slabu ni nyembamba, ama kama duara zako za chaki zimemeza karibu nusu ya eneo. Na ukiweka mpya, pesa yako ya kwanza iende chini na kwa maji: mfereji wa paa, mteremko, kushindilia. Saruji iwe ya mwisho kwa orodha. Wengi wetu tunaipanga kinyume kwa sababu kilicho chini hakionekani kwa picha.

Na kuna vitu ambavyo hakuna mjadala wa viraka. Kifuniko cha tangi la majitaka ama slabu ya choo cha shimo ikishapasuka na kuonyesha kutu, itolewe, iwekwe mpya, na kabla ya hapo pazungushiwe uzio siku hiyohiyo. Watoto huchezea hapo. Balkoni, ngazi zinazoning'inia, nguzo na slabu iliyobeba tangi la maji si kazi ya fundi wa karai hata kama ni binamu yako. Ita mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Aprili 2016 jengo lilianguka Huruma wakati wa mvua kubwa, likaua zaidi ya watu 40. Sisemi veranda iliyopasuka itaua watu 40. Nasema tabia ni moja: kuona dalili, kuifunika, na kuomba mvua isinyeshe sana.

"Lakini hatuna doh"

Najua hii inakuja, na siidharau. Maisha ni magumu, mfuko wa saruji si bei ya mkate. Lakini angalia ni nani huwa anaisema. Mwenye nyumba anayesema hana pesa ya kukata ukanda wa nusu mita amekuwa akinunua poda kila Desemba. Nusu mfuko, fundi wa siku moja, miaka 8. Jumlisha. Ameshalipia kazi nzuri, ila ameipokea vipande vipande, na vyote vimebanduka.

Kwa mtu aliyejenga kwake na kweli hana kitu, kuna njia ya hatua kwa hatua. Mwezi huu weka mfereji wa paa, hata kipande kimoja kinachohamisha maji kutoka ukingoni. Mwezi ujao jaza na ushindilie mahali maji yalipochimba. Slabu yenyewe inaweza kungoja ikiwa imewekewa alama na watu wanajua wasikanyage. Kungoja huku unajua unangoja nini hakufanani na kupuuza. Kinachokula pesa ya maskini ni kazi inayofanywa mara tatu.

Wengine wataniambia kwamba zege likishaanza kupasuka ni bora kulitoa lote, mtu alale usingizi. Nawaelewa, lakini usingizi huo unauzwa ghali. Kutengeneza saruji peke yake kunachangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksaidi inayotokana na binadamu duniani. Kuvunja slabu nzima iliyo na afya, uitupe mtoni, utengeneze nyingine ileile, ni ubadhirifu ambao hata aliye na pesa hafai kuuonea fahari.

Kwa hivyo natuma salamu

Wenye nyumba: acheni poda. Kama mnafanya ukarabati, mpangaji aonyeshwe kilichokatwa na kilichojazwa, tarehe iandikwe. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya kila mtu kupata makao yanayofaa. Sioni vile ngazi inayobanduka inaingia hapo. Na dipoziti ya mtu si bajeti ya ukarabati wenu.

Mafundi: mteja akiuliza bei, mwulizeni kwanza maji yake yanaenda wapi. Anayeanza kwa swali hilo nitampeleka kwa watu wote ninaowajua. Na mkikataa kupaka juu ya ufa unaotembea, semeni kwa nini, kwa sauti, mbele ya mwenye nyumba.

Wapangaji: siku ya kuingia, kabla hata hamjashusha kitanda, pitieni nje na ndani na simu. Pigeni picha kila ufa, na pia kila mahali panapong'aa kuliko pengine, kwa sababu pale panapong'aa ndipo palipopakwa. Gongeni kwa kifundo cha kidole msikilize. Tumieni picha hizo kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo, na ujumbe mfupi: "Mzee, nimeingia leo, hivi ndivyo nimepata." Maneno hayo yanaweza kuokoa kodi ya mwezi mzima.

Na sisi tunaotengeneza video za nyumba, tuache hizi za kabla na baada ambazo "baada" ni saa mbili tangu fundi aoshe mwiko. Kila kitu hupendeza kikiwa kibichi. Mimi kuanzia sasa kazi yoyote ya saruji nitakayowaonyesha, nitarudi kuipiga tena masika yakiisha, alama za penseli zikionekana na nyundo ikilia mkisikia. Kama imebanduka, mtaiona imebanduka.